Shamba na Pori katika Nchi ya Kati

Mji wa Dodoma ulipewa jina lake na ndovu. Wazee wa Kigogo husimulia ya kwamba zamani za kale ndovu mmoja alishuka kunywa maji, akazama katika tope asiweze kutoka, na watu waliomwona wakasema kwa lugha yao, "Idodomya," maana yake, amezama. Shahidi wa kuapa juu ya habari hii hatunaye. Lakini hata ikiwa ni hadithi, yatuonyesha jambo moja lisilo na shaka: mahali pale ambapo leo pana Bunge na ofisi za Serikali palikuwa njia ya wanyama kabla hapajawa njia ya watu wengi.

Siku hizi watu wengi wanyamapori wakitajwa hunena kwa hasira. Mmoja husema, "Ndovu wamemaliza mtama wangu, Serikali yawapenda wao kuliko sisi." Mwingine husema, "Wakulima wamemaliza miti. Heri wote waondolewe." Na wote wawili hufikiri kwamba ugomvi huu umeanza jana. La, sivyo. Ugomvi wa shamba na pori katika Ugogo, Irangi na pande za Manyoni una historia ndefu, na asiyeijua historia hiyo ataendelea kurudia makosa ya waliomtangulia. Basi twataka kuwapa wasomaji wetu habari hizo kwa utaratibu, na katika kila sura twataka kuuliza swali moja tu: Nani alilipa? Kwani shamba lilipopanuliwa kupita kiasi palikuwa na aliyelipa, na pori lilipofungwa pasipo shauri palikuwa na aliyelipa pia.

Kwanza yafaa tuikumbuke nchi yenyewe. Ni uwanda wa juu, yapata mita 1,100 juu ya bahari, na mvua yake ni msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Mwaka wa kawaida Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi za mvua, nayo hunyesha kwa ubahili: leo kijiji hiki, kesho kile, kisha jua kali majuma mawili au matatu wakati mtama unapotaka kutoa suke. Katika nchi kama hii mtu hawezi kutumaini ghala moja. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na ghala tatu. Ghala ya kwanza ilikuwa shamba, lenye uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua. Ghala ya pili ilikuwa zizi, kwani nafaka ilipokosekana ng'ombe na mbuzi walibadilishwa kwa chakula kwa watu wa nchi zilizopata mvua. Na ghala ya tatu ilikuwa pori. Humo ndimo ulimotoka ubuyu, asali, mlenda wa porini, mizizi, matunda, dawa, kuni na nyama. Mwaka wa njaa kali, mashamba yalipokauka na ng'ombe walipokwisha, ni pori lililobaki.

Basi msomaji aone tangu mwanzo ya kwamba pori halikuwa adui wa mkulima. Lilikuwa akiba yake ya mwisho.

Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi ilipita Ugogo mwaka hata mwaka, ikitoka pwani kwenda Tabora na kurudi. Wagogo waliwatoza hongo kwa maji na kwa njia, wakawauzia nafaka. Mzigo mkubwa wa misafara hiyo ulikuwa pembe za ndovu, ambazo Ulaya na Marekani zilitakiwa kwa kutengeneza vibao vya kinanda, mipira ya kuchezea mezani na vipini vya visu. Ndovu wa nchi ya kati wakawindwa mpaka wakapungua sana, na wawindaji wakalazimika kwenda mbali zaidi na zaidi. Hapo aliyelipa kwanza alikuwa ndovu, na wa pili alikuwa mpagazi aliyekufa njiani chini ya mzigo. Shamba la Mgogo halikuhusika na maangamizi hayo. Ni jambo la kukumbuka, kwa kuwa wako wasemao ya kwamba wanyama humalizwa na jembe tu.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia nchi yetu yapata mwaka 1890 na 1891, ukaua ng'ombe wengi mno, hata mazizi mengine yakabaki matupu. Wala haukuishia zizini. Mbogo, twiga, pofu na tandala walikufa pia porini. Watu waliopoteza ng'ombe walikuwa wamepoteza ghala yao ya pili. Wengi wakahama, wengine wakafa, na mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka. Wanyama wa porini walizaana tena upesi kuliko ng'ombe, na pamoja nao akaja mbung'o.

Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka. Hunyonya damu ya wanyama wa porini, nao hawaugui. Lakini akimwuma ng'ombe humpa nagana, na akimwuma mtu aweza kumpa malale. Hivyo kila mahali watu walipopungua, kichaka kilisogea. Na kichaka kiliposogea, mbung'o alisogea. Na mbung'o aliposogea, mfugaji alirudi nyuma tena. Hapo ndipo neno "pori" lilipoanza kuwa neno la hofu.

Wakati huo huo ilikuja sheria mpya. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann wa Serikali ya Kijerumani alitoa amri ya kulinda wanyama: uwindaji uliwekewa vibali vya kulipiwa, na sehemu nyingine zikafungwa kabisa. Mwaka 1910 Wajerumani walitenga pori la Saba, magharibi na kusini mwa Ugogo. Waingereza wakaliita Rungwa mwaka 1946, na mwaka 1964 sehemu yake ya kusini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hatusemi kwamba amri zile zilikuwa mbaya zote. Pasipo hizo pengine tusingekuwa na ndovu hata leo. Lakini mwenye fedha ya kibali alikuwa mgeni mwenye bunduki, na asiyekuwa nayo alikuwa mwanakijiji mwenye upinde. Ghala ya tatu ilitiwa kufuli, na ufunguo haukuwekwa kijijini.

Ubaya wa jambo hilo ulionekana ilipokuja njaa. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Wagogo huiita njaa hiyo Mtunya, nayo ilikaa tangu mwaka 1917 hata 1920. Yakadiriwa kuwa watu 30,000 hivi walikufa. Vijiji vilivunjika, watoto wakapelekwa kwa watu wa mbali wapate kuishi, na mashamba yakarudi kuwa vichaka mara ya pili. Katika muda wa miaka thelathini tu, pori lilikuwa limelipiza kisasi mara mbili. Lakini mara zote mbili waliolikaribisha walikuwa ugonjwa na vita, wala si wanyama wenyewe.

Baada ya vita Serikali ya Kiingereza ilimweka Bwana C. F. M. Swynnerton kuwa mkuu wa kwanza wa mambo ya wanyamapori, mwaka 1919. Baadaye huyo huyo akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o, na kazi hiyo ilifanyika Kondoa kabla ya makao yake kuwekwa Shinyanga. Tazameni ajabu hii: mtu mmoja alipewa kwanza kazi ya kuwalinda wanyama, kisha kazi ya kumshinda mdudu anayekaa pamoja nao. Alifanya kazi hiyo mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Yeye na wenzake walionyesha ya kwamba watu wengi wakifyeka vichaka pamoja wakati wa kiangazi, na kisha wakakaa pale wakalima, mbung'o hawarudi. Siri ilikuwa katika neno la pili. Kufyeka peke yake hakukutosha. Palihitajiwa watu wa kukaa.

Lakini palikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa ya bunduki. Katika miaka ya 1940, huko Shinyanga, maelfu ya wanyama wa porini waliuawa kwa jaribio, ili ijulikane kama mbung'o watakufa kwa kukosa damu. Mbung'o walipungua, lakini gharama ilikuwa kubwa, na wanyama wadogo wanaojificha hawakwisha. Baadaye wataalamu walipoichunguza damu iliyomo tumboni mwa mbung'o, waliona ya kwamba hupenda zaidi ngiri, pongo, tandala na mbogo, lakini punda milia na nyumbu huwauma kwa nadra sana. Maana yake ni kwamba penye kazi ya bunduki ya namna ile, punda milia wengi walikufa bure, kwa kosa ambalo si lao. Heri mtu kuuliza kabla ya kupiga.

Sasa twafika katika habari ya Kongwa, ambayo wazee wengi wa Ugogo waliisimulia kama kichekesho, ingawa ilikuwa msiba.

Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Siagi na mafuta ya kupikia viligawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, alileta shauri la kulima karanga katika Afrika kwa mashine. Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo katika Tanganyika, alitumwa na wenzake wawili watazame nchi. Walizunguka muda wa majuma machache, mara nyingi kwa ndege, wakaandika shauri la kulima ekari 3,210,000, sehemu kubwa yake katika Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Mahali pa kuanzia palikuwa Kongwa.

Kwa nini Kongwa? Kwa sababu lilikuwa pori kubwa lenye watu wachache. Aliyelitazama kutoka juu aliona nchi tupu inayongoja mlimaji. Lakini utupu wa pori lile ulikuwa habari, nao hawakuisoma. Mgogo hakuwa mvivu wa kulima Kongwa. Alijua kwamba maji ni haba na mvua haziaminiki, akaliacha pori lile kwa nyuki, kwa malisho na kwa wanyama. Kuuliza si ujinga. Lakini wakubwa wale walikuwa na haraka.

Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa hata kutoka Ufilipino, yaliyoachwa na majeshi ya Marekani, na vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kulimia. Minyororo mikubwa ya nanga za meli ilifungwa baina ya matrekta mawili na kuburutwa, ikaangusha kila kitu mbele yake. Vichaka vililala, lakini mizizi ilibaki ardhini, migumu, ikavunja majembe ya chuma. Mibuyu haikung'oka kwa urahisi, na nyuki waliokaa ndani yake walitoka wakawapiga watu, hata wengine wakapelekwa hospitali. Mchanga wa nchi ile una chembe ngumu zilizosaga vyuma, na udongo wake, mvua ikisha na jua likiwaka, hushikana kama saruji. Naye mkulima yeyote ajua ya kwamba karanga huzaa chini ya ardhi. Karanga zilizaa, zikafungiwa humo.

Mwaka wa kwanza walikuwa wamekusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Miaka iliyofuata ukaja ukame. Wakajaribu alizeti, nazo zikakauka. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuwa mpango umeachwa, na pauni milioni 36 hivi zikaandikwa kuwa hasara. Sehemu ya nchi ile ikageuzwa kuwa malisho ya ng'ombe, na ranchi ya Kongwa ingaliko.

Nani alilipa? Walipa kodi wa Uingereza walilipa fedha. Lakini nchi ya Kongwa ililipa miti yake ya miaka mamia, na viumbe waliokaa ndani yake wakafukuzwa, wala haikupatikana karanga ya kutosha kujaza pengo lao. Hilo ndilo fundisho kubwa la Kongwa: pori lililofyekwa mahali pasipofaa shamba halizai shamba. Mtu hupoteza ghala ya tatu asipate ya kwanza. Na ranchi iliyofuata yafundisha jambo la pili, ya kwamba nchi isiyofaa jembe yaweza kufaa malisho. Ardhi ina kazi zake, na mwenye hekima huiuliza kabla ya kuipangia.

Tukitoka Kongwa twende Kondoa, tutaona kosa la namna nyingine. Huko halikufanywa na wageni wenye matrekta, bali lilikua polepole mikononi mwetu wenyewe. Mbung'o walikuwa wameshika mabonde, kwa hiyo Warangi na mifugo yao walisongamana juu ya vilima. Miti ikakatwa, miteremko ikalimwa, majani yakaliwa hata mzizi. Mvua kubwa za muda mfupi zikauchukua udongo, na makorongo makubwa yakachimbika, mengine marefu kuliko kimo cha nyumba. Serikali ya Kiingereza ilijaribu kufyeka vichaka vya mabondeni ili watu wapate pa kuhamia, tena ikawaamuru watu kujenga matuta ya kuzuia maji. Amri zilifuatwa kwa hofu, na wakati wa kudai uhuru watu wengi waliziacha.

Mwaka 1973 ulianza mpango ulioitwa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalijengwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula na kukanyaga. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri kali: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi. Mifugo yapata 90,000 ikaondolewa.

Tufikiri kidogo jambo hili lilivyokuwa nyumbani mwa mtu. Asubuhi zizi lina sauti, jioni liko kimya. Maziwa ya watoto yamekwenda. Samadi ya shamba imekwenda. Ng'ombe wa mahari wamekwenda kwa ndugu wa mbali, na hakuna ajuaye watarudi wangapi. Hakuna mtu mwenye haki atakayesema kwamba watu wa Kondoa hawakulipa.

Walakini ni lazima kusema na upande wa pili, kwani mwandishi wa historia hana ruhusa ya kufunga jicho moja. Nchi ilipona. Katika miaka michache majani yalifunika vilima vilivyokuwa vyekundu, vichaka na miti ikachipuka yenyewe kutoka katika mizizi ya zamani, na baadhi ya mito ya mchanga ikatulia hata watu wakalima kandokando yake. Tena kwa miaka mingi wataalamu wa nchi nyingi wamekwenda Kondoa kutazama, kwa kuwa ni mara chache duniani nchi iliyoharibika vile kurudi upesi namna ile. Lakini mifugo haikuyeyuka. Wengi walikwenda nyanda za mashariki na kaskazini, penye malisho ya wanyamapori, na mzigo ulioondolewa Kondoa ukawekwa juu ya mgongo wa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo watu walipoanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya banda, wakiwakatia majani. Hapo amani ikapatikana: kilima kilibaki na miti yake, na mtoto akarudishiwa maziwa yake. Lingalifanywa hivyo tangu mwanzo, machozi mengi yangalizuiliwa.

Miaka hiyo hiyo palikuwa na badiliko jingine. Mwaka 1970 na 1971, baada ya ukame, Serikali ilianza kuwakusanya Wagogo kutoka nyumba zao zilizotawanyika, wakae katika vijiji vya ujamaa wapate shule, maji na zahanati. Faida za shule na zahanati sisi walimu hatuwezi kuzikana. Lakini zamani mtu alihamisha shamba lake na ardhi ikapumzika. Sasa watu wengi walilima mahali pamoja kila mwaka, wakakata kuni mahali pamoja, mpaka pembeni mwa vijiji pakawa peupe. Na kule walikotoka, pori likarudi pamoja na wanyama wake. Kwa hiyo ramani ya shamba na pori ilichorwa upya, wala si wengi walioitazama wakati ule.

Tangu hapo mistari ya ramani imeongezeka. Upande wa magharibi yako mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Upande wa kaskazini yako Swagaswaga na Mkungunero. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kule Arusha, mwezi wa Septemba 1961, ya kwamba kuishi kwa wanyamapori ni jambo linalotuhusu sana sote katika Afrika, na nchi yetu imeitunza ahadi hiyo kuliko nchi nyingi. Lakini mstari wa mpaka ukipita katikati ya malisho ya watu, huzaa kesi. Huko Mkungunero ugomvi wa mipaka umekaa miaka mingi. Mwezi wa Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza kwamba vijiji vilivyokuwamo katika maeneo ya hifadhi visiondolewe kabla mambo hayajatazamwa upya, na katika nchi nzima vijiji vingi sana vikaachwa mahali pake.

Tena ndovu hasomi ramani. Yeye hufuata njia za mama zake, kutoka penye majani kwenda penye maji. Kati ya Muhesi na Swagaswaga iko njia ya namna hiyo, ambayo wataalamu huiita ushoroba. Mtu akifungua shamba katikati yake, halimi kando ya njia, bali njiani. Na usiku mmoja kundi la ndovu laweza kumaliza kazi ya miezi mitano. Kwa mwenye ekari mbili za mtama hiyo si habari ya gazeti. Ni njaa ya watoto wake.

Sheria imelitambua jambo hili kwa sehemu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina yenyewe yasema kweli: hufuta, hayarudishi. Malipo yakichelewa mwaka mzima, jasho limekwisha kukauka na njaa imekwisha kupita nyumbani. Hapo chuki huzaliwa, na mwenye chuki hamwambii askari wa wanyamapori kwamba amemwona jangili.

Upande mwingine, shamba nalo laendelea kusogea. Vichaka vya Itigi, huko Manyoni, ni vya namna isiyopatikana duniani ila hapo na katika sehemu ndogo za mpaka wa Zambia na Kongo. Katika vichaka hivyo hutoka asali yenye sifa. Katika miaka ya karibuni wilaya ya Manyoni imefungua mashamba makubwa ya mikorosho. Hatuwakatazi watu korosho. Mkorosho ni mti, nao huvumilia jua. Twasema tu, Kongwa isisahauliwe. Kabla ya tingatinga kupita, na waulizwe wafuga nyuki, wafugaji na wazee: maji hukaa wapi, wanyama hupita wapi, na kwa nini mahali hapa wazee hawakulima?

Je, kuna njia ya kuishi pamoja? Iko, nayo imekwisha kuanza. Katika vijiji vingi vya Dodoma watu wamefundishwa kazi iitwayo kisiki hai. Mkulima halimi akang'oa kila kisiki, bali huchagua visiki vyenye uhai, hupogoa machipukizi, akaacha mawili au matatu yenye nguvu yakue. Mzizi wa zamani ulio chini sana hupata maji ambayo mche mpya hauwezi kuyafikia, kwa hiyo mti hukua upesi pasipo kumwagiliwa. Shamba hupata kivuli, kuni, majani ya mifugo na udongo usiochukuliwa na upepo. Ni fundisho lile lile la vilima vya Kondoa, lakini bila kumfukuza mtu. Na mwenye kuni shambani hana haja ya kwenda kuzikata katika njia ya ndovu.

Iko na kazi ya nyuki. Ndovu, pamoja na ukubwa wake, huogopa nyuki. Kule Kenya wakulima wametundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba, na ndovu wengi hugeuka wanaposikia mvumo. Wengine katika nchi yetu hufunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Hakuna dawa moja itoshayo, kwani ndovu ni mwerevu. Lakini mzinga wa ukingoni, hata usipomzuia kila siku, utaleta asali. Na majirani zetu wa Iringa, kandokando ya Ruaha, waliunda jumuiya iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ili vijiji vyenyewe vilinde wanyama katika ardhi yao na kupata sehemu ya mapato. Jumuiya za namna hiyo zina matatizo yao, lakini zimerudisha japo funguo moja kijijini.

Wasomaji, tukiyaweka yote haya pamoja twaona jambo moja. Sotoka, vita, matrekta ya Kongwa, amri ya Kondoa: kila mara madhara yalizidi pale ambapo mmoja wa wahusika hakuulizwa. Mara nyingine aliyenyamazishwa alikuwa mkulima, mara nyingine ardhi yenyewe, ambayo haina mdomo ila husema kwa korongo na kwa ukame.

Basi mkutano wa kijiji utakapokaa kugawa mashamba mapya, mambo manne yaulizwe na kuandikwa katika daftari kabla ya mtu kupewa shoka. Kwanza, mahali hapa pana mvua na udongo wa kulima, au pafaa malisho na nyuki tu? Pili, wanyama hupita hapa mwezi gani, na njia yao itabaki wapi? Tatu, tutabakiza visiki na miti mingapi katika kila ekari? Nne, atakayezuiliwa kulima kwa faida ya wote atapewa nini, na nani, na lini? Swali hili la nne ndilo husahauliwa kila mara, na kwa sababu ya kusahauliwa kwake maskini mmoja hulipa deni la watu wote. Kijiji kitakacholijibu kwa haki hakitahitaji askari wengi wa kulinda mpaka wake.